Kioo cha Mashine ya Gemu Kilichochoka: Mwongozo wa Kukichunguza na Kukirekebisha

Mashine ya gemu ikishushwa kwenye kirikuu mbele ya karakana yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, swali langu la kwanza kwa mwenye nayo huwa moja: nani ameigusa kabla yangu? Kioo kilichochoka chenyewe kwa miaka huja na ugonjwa mmoja au miwili inayoeleweka. Kioo ambacho watu watatu wamekizungusha nobu zote kina ugonjwa uleule wa mwanzo, na juu yake kuna mengine yaliyobandikwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu nobu zinakuja mwishoni kabisa. Ukianza nazo, unauficha ugonjwa na kuufanya mgumu kuupata.

Ninazungumzia yale makabati ya gemu ya kusimama yenye kioo cha tyubu, ndugu wa TV za chogo. Aliyewahi kutengeneza chogo ana nusu ya ujuzi tayari. Tofauti ni kwamba kioo cha gemu hakina redio ya kupokea stesheni wala spika. Kinapokea nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake, pamoja na waya wa mapigo ya kupanga picha, moja kwa moja kutoka bodi ya gemu. Tena kimewashwa asubuhi hadi usiku miaka mingi kuliko TV yoyote ya sebuleni.

Chaji inayobaki baada ya kuchomoa plagi

Tyubu ya rangi ya inchi 19 au 25 hufanya kazi kwa volti kati ya 20,000 na 25,000 hivi, na tyubu yenyewe ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme. Inaweza kuishika chaji hiyo kwa saa nyingi, hata siku, baada ya kuchomoa. Kuna chaji ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo inayonitisha zaidi: kapasita kubwa ya kuchujia umeme kwenye chesisi, yaani ile bodi ya saketi inayoiendesha tyubu. Chesisi inayopokea 230 moja kwa moja huwa na volti 325 hivi hapo. Ya 110 huwa na 155 hivi.

Fanya hivi kila mara, hata kama mashine imelala stoo wiki nzima. Chomoa plagi. Vua saa na pete. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzima usio na ufa, uifunge waya wenye klipu mbili: klipu moja kwenye chuma cha bisibisi, nyingine kwenye ule waya wa kusukwa unaopita nyuma ya tyubu, juu ya rangi nyeusi. Usiifunge kwenye bodi, maana utaua vipuri. Mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo, na kwa mkono mwingine ingiza ncha taratibu chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa tyubu hadi iguse chuma cha ndani. Unaweza kusikia mlio wa "ta!", unaweza usisikie kitu. Subiri dakika tano, urudie, kwa sababu sehemu ya chaji hurudi yenyewe. Halafu pima kapasita kubwa kwa multimita. Ikiwa na volti, itoe chaji kupitia resista ya wati 5 au 10 ya ohmu elfu mbili hivi. Usiipige shoti kwa bisibisi.

Shingo ya tyubu, pale nyuma kabisa, ni nyembamba kama glopu. Ikigongwa hewa huingia na kioo hicho hakirudi tena. Vaa miwani ya kukinga macho. Na usifanye kazi hii ukiwa peke yako karakanani. Awepo mtu anayejua swichi kuu iko wapi.

Transfoma kabla ya kioo

Mashine za Marekani hutaka volti 110 hadi 120, za Japani 100, na ukutani kwetu ni 230. Kwa hiyo karibu kila kabati linalotoka huko huja na transfoma ya kushusha, au hununuliwa hapa. Hapo kuna mtego. Chesisi nyingi za vioo vya gemu hazina kizuizi chochote kati ya umeme wa ukutani na saketi yake; zilitengenezwa zikitegemea transfoma yenye mizunguko miwili iliyotengana. Transfoma nyingi za bei nafuu za kushusha volti zina mzunguko mmoja tu uliotobolewa katikati. Ukiitumia hiyo, fremu ya kioo inaweza kuwa na umeme hai, na bodi ya gemu ikaungua siku ya kwanza.

Kuipima ni dakika moja. Ikiwa haijaunganishwa popote, weka multimita kwenye ohmu, ncha moja kwenye pini ya plagi ya kuingilia, nyingine kwenye tundu la kutokea. Jaribu pini zote. Ikisoma ohmu chache, mizunguko haijatengana. Isiposoma chochote kwa pini zote, imetengana.

Mahali pa kuiweka transfoma nako kuna maana kubwa. Kabati moja kutoka Uyole lilinisumbua siku nne: picha ilitetemeka pembeni haraka haraka, kama inayoona baridi. Nilibadilisha kapasita zote, nikaulehemu upya kila mguu. Mwishowe nilipoisogeza transfoma iliyokuwa imefungwa kwenye rafu chini ya tyubu, picha ikatulia mkononi mwangu. Umeme wetu ni wa hezi 50, picha nyingi za gemu huenda karibu na 60, na usumaku wa transfoma huivuta picha kwa ile tofauti, mara kumi kwa sekunde. Weka transfoma sakafuni mwa kabati, mbali na shingo ya tyubu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Je, ni kioo kweli?

Kabla ya kufungua chesisi, hakikisha bodi ya gemu haidanganyi. Ukiwa na bodi nyingine unayoiamini, ichomeke. Usipokuwa nayo, sikiliza: gemu likitoa sauti na vitufe vikiitika lakini kioo ni cheusi, elekea kwenye kioo.

Rangi moja ikikosekana, zima, badilishana waya mbili za rangi zinazoingia kwenye kioo, kwa mfano nyekundu na kijani, uwashe tena. Kama mwanzo nyekundu ilikosekana na sasa inakosekana kijani, tatizo liko kwenye bodi ya gemu au waya wake. Kama bado ni nyekundu, tatizo liko kwenye kioo, na mara nyingi ni bodi ndogo ya shingoni: mguu uliolegea au transista ya rangi hiyo.

Picha ikionekana imegawanyika vipandevipande au imerudiwa mara mbili kwa upana, angalia mwendo wa mapigo. Vioo vingi vya zamani vinataka kilohezi 15 na ushei. Zile bodi mpya za gemu nyingi ndani ya moja huwa na swichi ndogo ya kuchagua kati ya 15 na 31, na ikiwa kwenye 31 hakuna nobu itakayoituliza picha.

Kuusoma ugonjwa

Zima taa za chumba, washa, na utazame shingo ya tyubu kwa nyuma. Kuwe na mng'ao mdogo wa rangi ya chungwa. Weka kiganja karibu na kioo bila kugusa. Nywele za mkono zikisimama, volti kubwa ipo. Mambo haya mawili yanakueleza mahali pa kuanzia.

Hakuna mng'ao, nywele hazisimami, na fyuzi imekatika: usiweke fyuzi nyingine ukajaribu bahati, wala usiifunge kwa waya. Pima transista kubwa ya mlalo, inayosukuma picha kushoto na kulia, ile iliyofungwa kwenye bati la kupoozea karibu na flaibeki. Flaibeki ni lile dude jeusi lenye waya mnene unaokwenda kwenye kikombe cha mpira. Kati ya miguu yake ya kolekta na emita, ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekufa. Ikisoma kama dayodi upande mmoja tu, huenda ni nzima. Nyingi zina dayodi ndani, pamoja na resista ndogo kati ya besi na emita, kwa hiyo usishtuke ukiona ohmu 40 au 50 hapo. Na usiweke mpya kabla hujauliza iliyokufa iliuawa na nini: miguu ya flaibeki iliyopasuka risasi ya kulehemu, kapasita iliyokauka kwenye njia inayoipa mapigo, au flaibeki yenyewe.

Mlio wa tik-tik-tik bila picha ni umeme unaojaribu kuamka na kuzuiwa. Hapo napo anza na transista hiyo na flaibeki. Flaibeki iliyokufa mara nyingi huwa na ufa au uvimbe kwenye plastiki.

Mstari mmoja mweupe wa mlalo katikati ya kioo: sehemu ya wima imekufa. Zima mara moja, kwa sababu mstari ule utaichoma fosfa, ule unga wa ndani ya kioo unaong'aa, na kuacha kovu. Tafuta saketi jumuishi (IC) ya wima yenye bati lake la kupoozea, tazama miguu yake, pima resista ya fyuzi inayoilisha. Mstari wa wima, ambao ni nadra zaidi, unamaanisha koili ya mlalo ya yoki, zile koili zilizovishwa shingoni mwa tyubu, haipati umeme. Anza na plagi ya yoki.

Picha iliyokunjamana juu, kana kwamba shuka limekunjwa ukingo: kapasita zilizokauka kwenye sehemu ya wima. Kingo za picha zinazojipinda kama nyoka, au picha inayopumua na kupanuka gemu likionyesha weupe mwingi: chujio kuu au usimamizi wa volti kuu. Mistari ya mshazari inaonyesha mlalo umepoteza mapigo. Picha inayopanda au kushuka bila kusimama, wima ndio uliopoteza.

Kioo chenye fokasi inayoanza kuwa na ukungu na kusafika baada ya nusu saa kina tyubu iliyozeeka au tundu la shingo lenye kutu. Tundu linabadilishwa. Tyubu iliyozeeka huishi na ukungu wake, na nadhani ni haki kumwambia mwenye mashine hivyo mapema, kabla hajalipa.

Vumbi, risasi, kapasita

Kiangazi cha kwetu ni vumbi, na volti kubwa hulivuta vumbi kama sumaku. Chesisi ikitoka, isafishe kwa brashi laini ya rangi na hewa. Kikombe cha mpira na kioo kinachokizunguka visafishe kwa spiriti, acha vikauke kabisa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na cheche za volti kubwa huruka kirahisi kuliko Pwani. Kikombe kichafu ambacho Dar es Salaam kingevumilia, huku hulia na kunuka ile harufu kali ya umeme. Mwezi Juni na Julai, mashine iliyosafiri usiku kutoka Tukuyu au Makete usiiwashe ikishuka tu. Iache ndani hadi mchana ili unyevu ulioganda juu ya vioo na bodi uondoke.

Kisha geuza bodi upande wa risasi, chukua lenzi na taa kali. Unatafuta nyufa za duara kuzunguka miguu: flaibeki, transista ya mlalo, saketi ya wima, plagi ya yoki, tundu la shingo, resista kubwa zinazopata moto. Ufa huo ni mwembamba kama unywele. Nyonya risasi ya zamani uweke mpya. Kuongeza juu ya ya zamani ni kazi ya wiki mbili. Kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu kwa kila kioo kinacholetwa, ningefanya hili.

Kapasita za mviringo zenye maji ndani, zile zinazofanana na vingoma vidogo, hukauka kwa joto. Chesisi ya miaka thelathini nazibadilisha zote kwa mkupuo mmoja. Thamani ya mikrofaradi iwe ileile, volti ileile au zaidi, joto la nyuzi 105 badala ya 85. Piga picha kwa simu kabla ya kung'oa na uandike kila moja ilielekea wapi; usiamini michoro ya bodi peke yake, kwani imewahi kukosewa kiwandani. Ukikuta iliyoandikwa NP au BP haina upande, nayo irudishiwe isiyo na upande.

Kapasita moja usiichezee: ile ya filamu iliyo karibu na transista ya mlalo, yenye volti 1,500 au 1,600 ubavuni. Hiyo ndiyo inayoweka kiwango cha volti kubwa. Ikipungua thamani, volti ya tyubu hupanda, na tyubu inayopita kiwango hutoa miale ya eksirei. Weka ileile hasa, yenye volti ileile, au usiweke.

Chogo za kuchinja bado zinapatikana kwa mafundi wengi, kwa kuwa watu walihamia flati na kuziacha karakanani. Zinanipa transista, tundu za shingo, koili za kuondoa usumaku, hata tyubu yenyewe pale pini za shingo zinapofanana na ohmu za yoki zinapokaribiana. Flaibeki za chogo mara nyingi hazikubali, kwa sababu mpangilio wa miguu na volti zake hutofautiana.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiwashe moja kwa moja. Weka glopu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, mfululizo kwenye njia ya umeme. Taa ya LED haifai. Glopu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, chesisi inavuta kawaida. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Zima urudi nyuma. Ikipita mtihani, ondoa glopu.

Sasa nobu

Acha kioo kipate joto dakika 20 hadi 30 kabla ya kugusa chochote. Weka kioo cha kujitazamia kwenye kiti mbele ya kabati, ili uione picha ukiwa nyuma bila kuzunguka wala kunyoosha mikono miwili. Tumia bisibisi ya plastiki. Ya chuma hupasua viini vya koili na hupotosha kipimo. Weka alama ya kalamu mahali kila nobu ilipokuwa. Gemu nyingi zina ukurasa wa majaribio wenye gridi na rangi, ufungue huo.

Anza na volti kuu ya chesisi. Mchoro wa chesisi yako ndio unaosema kiwango. Vingi viko kati ya 100 na 140. Pima pale mchoro ulipoonyesha, weka hasa, usiongeze ili picha ing'ae. Kila kitu kingine husimama juu ya volti hii.

Kisha tuliza picha. H-HOLD ni ya mlalo, V-HOLD ya wima. Zungusha hadi picha ishike, endelea hadi iachie, rudi upande wa pili hadi iachie tena, uiache katikati ya sehemu hizo mbili. Watu huiacha pale inaposhika tu, na asubuhi ya baridi inaachia.

Ukubwa: V-SIZE na V-LIN kwa pamoja, ukitazama miraba ya gridi iwe sawa juu na chini. Upana huwa kwenye koili yenye tundu la pembe sita. Kisha sogeza picha katikati.

Weusi na weupe unahitaji subira, na gizagiza la chumba. Kwenye flaibeki kuna nobu mbili, FOCUS na SCREEN. Gemu likionyesha weusi mtupu, pandisha SCREEN taratibu hadi kioo kianze kuwa kijivu na mistari myembamba ya mshazari ionekane, kisha shusha hadi ipotee tu. Kama ule ujivu ulikuwa na rangi, tuseme wa kijani, punguza nobu ya CUTOFF ya kijani kwenye bodi ya shingo hadi uwe wa kijivu safi, halafu rudi kwenye SCREEN. Kisha leta ukurasa mweupe, urekebishe DRIVE hadi weupe uwe weupe. Rudia giza na mwanga mara mbili tatu, kwani moja huvuta nyingine. FOCUS ifanye mwisho, ukitazama maandishi ya katikati na ya pembeni kwa pamoja.

Madoa ya rangi na kusini yetu

Kioo kikiwa na kona ya zambarau au kijani, tazama spika kwanza. Mtu akiweka spika ya sabufa badala ya ile iliyokingwa, sumaku yake hupaka rangi kona hiyo. Kisha jaribu koili ya kuondoa usumaku iliyo ndani: ukiwasha mashine iliyopoa, usikie mngurumo mfupi wa "mmm". Usiposikia, kipuri kinachoilisha kimekufa. Ukitumia koili ya mkono, iwashe mbali, izungushe mbele ya kioo, rudi nyuma hatua tatu nne ndipo uizime. Ukiizima ikiwa karibu, unaacha doa baya kuliko la mwanzo.

Doa lisipotoka hata baada ya hapo, fikiria dunia yenyewe. Usumaku wa dunia kaskazini huelekea chini na kusini huelekea juu, nasi Nyanda za Juu Kusini tuko kusini ya mstari unaogawa. Tyubu zilitengenezwa kwa kufuata nusu ya dunia zitakakouzwa, kwa hiyo iliyorekebishwa kwa Ulaya au Marekani inaweza kufika hapa ikiwa na madoa ya rangi na picha iliyolala upande kidogo. Hapo tu ndipo ninaporuhusu mkono kufika kwenye pete za shingo, zile za sumaku zilizovishwa nyuma ya yoki. Paka mstari wa rangi ya kucha juu ya pete zote kabla. Washa rangi nyekundu peke yake, sogeza jozi ya pete za usafi wa rangi kidogo kidogo hadi nyekundu iwe moja kioo kizima. Kulala upande hurekebishwa kwa kulegeza skrubu ya yoki na kuigeuza kidogo, mashine ikiwa imezimwa na chaji imetolewa. Jozi mbili zinazobaki hupanga rangi zikutane: moja huleta nyekundu na bluu pamoja, nyingine huzipeleka juu ya kijani. Shughulikia katikati ya kioo. Pembeni kabisa kubali kasoro ndogo.

Ukimaliza, pima volti kuu mara nyingine, uiandike pamoja na tarehe kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, ukibandike ndani ya mlango wa nyuma. Acha mashine iwake kwa muda wa saa nne ikiwa imefungwa, maana joto la kabati lililofungwa hufichua mguu wa risasi ulioukosa. Kisha mpigie mwenye nayo aje na kirikuu.